UNENE WA KUPITA KIASI NA TIBA ZAKE: KWA NINI KILO ZINARUDI BAADA YA IDI



 

Darasa la leo limetoka katika swali. Ijumaa ya pili ya Shawwal mzee mmoja wa msikiti wetu alinisubiri mlangoni, viatu mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Maalimu, nilifunga Ramadhani yote bila kukosa hata siku moja. Nilipungua kilo tatu, mkanda wangu uliingia matundu mawili. Leo ni juma mbili tu, kilo zote zimerudi. Je, funga yangu ilikuwa na kasoro?" Nilimjibu palepale kwamba funga ni ibada, malipo yake yako kwa Mola wake na hayapimwi kwa mizani. Lakini swali la kilo nilikwenda nalo nyumbani, kwani si yeye peke yake analo. Wako wengi kati yetu ambao daktari amewaambia "punguza mwili", wakapungua, kisha wakarudia pale pale ama wakazidi, na sasa wanaona haya kurudi kwa daktari.

Kabla ya kuendelea lazima nikiri jambo. Miaka michache iliyopita nilisimama mbele yenu nikasema juu ya ulafi, na katika maneno yangu nikasema kwamba tumbo kubwa ni ushahidi dhidi ya mwenye nalo. Watu walicheka, na mimi nikafurahi kwamba wamecheka. Mama mmoja wa safu za nyuma, mwenye mwili mkubwa, hakuonekana tena msikitini kwa miezi mingi. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliporudi nyumbani siku ile alitafuta dawa ya haraka, akanunua majani ya kuchemsha kwa mchuuzi mmoja wa sokoni, na mchuuzi akamwambia aache vidonge vyake vya sukari maana majani yanasafisha kila kitu. Alipungua kweli. Majirani wakampongeza. Kumbe haikuwa kazi ya majani: sukari iliyoachwa bila dawa ndiyo iliyokuwa inamla, kwani mwili ukishindwa kutumia sukari iliyo katika damu huanza kula mafuta na nyama yake wenyewe. Alifikishwa hopitali akiwa hajitambui, na kidonda cha mguu kilikuwa kimeoza. Vidole viwili vilikatwa. Ninaandika somo hili nikiwa na deni kwake, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kulieleza bila jina lake.

Mafundisho ya dini yetu juu ya chakula tunayajua. Katika sura ya Al-A'raf aya ya 31 Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa na akatukataza kupita mpaka. Na katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba matonge machache yamtosha mwanadamu, na kama hana budi, basi tumbo aligawe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Hayo ni mafundisho ya mtu kujiangalia mwenyewe mbele ya sahani yake. Mimi niliyafanya jiwe la kumtupia mwenzangu.

Tena kwetu jambo hili lina ugumu wake. Katika nchi yetu mtu mwembamba anaulizwa, "Una shida gani?" Tuliopita katika vita vya 1996 na vya 1998 tunakumbuka wembamba ulikuwa nini: ulikuwa njaa, ulikuwa kulala porini na watoto, ulikuwa ugonjwa usiotajwa jina. Mke akinona, sifa ni ya mumewe. Ndiyo maana wako mabinti zetu wanaomeza vidonge vya dexamethasone na vya cyproheptadine ili wajaze mashavu na makalio kabla ya arusi. Dexamethasone ni dawa yenye kazi yake hopitalini, lakini ukiimeza bila daktari inavimbisha uso, inapandisha sukari na tansio, na ukiikata ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuanguka, maana mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Wazazi, angalieni mifuko ya mabinti zenu.

Basi unene wa ugonjwa tunaujuaje? Madaktari wanachukua kilo za mtu, wanazigawa kwa urefu wake wa meta uliozidishwa kwa urefu huohuo. Chukua mama wa kilo 92 mwenye urefu wa meta 1.65. Urefu ukizidishwa kwa urefu unapata 2.72, kilo 92 ukizigawa kwa 2.72 unapata karibu 34. Kuanzia 25 mtu amezidi uzito, kuanzia 30 ni unene wa ugonjwa, kuanzia 40 ni hatari kubwa. Hesabu hii ina upungufu, maana mbeba mizigo wa stesheni mwenye misuli anaweza kuhesabiwa mnene naye si mnene. Kwa hiyo kuna kipimo cha pili kinachotaka utepe wa fundi cherehani tu: kiuno. Hatari inaanza kupanda kwa mwanamke akipita sentimeta 80, kwa mwanamume akipita 94. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo mabaya kuliko ya makalio. Kutoka hapo kunakuja ugonjwa wa sukari, tansio yaani damu kupanda, magonjwa ya moyo, magoti yanayouma hata mtu anasali juu ya kiti, kukoroma kunakokata pumzi usiku, ini kujaa mafuta, mimba kuchelewa, na aina kadhaa za kansa. OMS ilihesabu kwamba mwaka 2022 watu wazima zaidi ya milioni 890 duniani walikuwa na unene huo. Si ugonjwa wa wazungu tena. Katika parsele moja hapa petu unaweza kukuta mtoto ana utapiamlo na mama yake ana kilo 100, na wote wawili wanakula chungu kimoja.

Sasa turudi kwa mzee wetu na kilo zake tatu.

Katika funga, uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi unaonyesha kwamba watu hupungua kidogo, takriban kilo moja hivi kwa wastani, na sehemu yake ni maji. Majuma machache baada ya Idi inarudi. Si ajabu, kwani mchana tumefunga na usiku tumelipiza, kwa mandazi, chai ya vijiko vinne na wali wa mafuta. Lakini hata yule aliyejizuia usiku na mchana, mwili wake hauko upande wake. Jambo hili watu wengi hawakuambiwa, na kwa kutokuambiwa wanajiona wamelaaniwa.

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu ukiwa na ulinzi dhidi ya njaa. Mafuta yakipungua, kuna homoni ya shibe inayotoka katika mafuta yenyewe, nayo inashuka. Na kuna homoni ya njaa inayotoka tumboni, nayo inapanda. Ubongo unapata habari kwamba ghala linamalizika. Haujui kwamba wewe umekusudia. Mwaka 2011 madaktari wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo sana kwa juma kumi. Mwaka mmoja baadaye wakawapima tena, na homoni za njaa zilikuwa bado juu na zile za shibe bado chini, na watu wenyewe walisema wana njaa kuliko mwanzo. Mwaka mzima! Uchunguzi mwingine ulitolewa Marekani mwaka 2016 juu ya watu 14 walioshindana kupunguza mwili mbele ya televisheni. Kwa wastani walipoteza kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41, na miili yao ilikuwa inachoma kila siku kalori kama 500 chini ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo katika chakula. Mtu mzima anahitaji kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Hizo 500 ni sawa na vijiko vikubwa vinne vya mawese. Yaani mtu aliyewahi kuwa na kilo 140 akashuka hadi 90 hawezi kula kama jirani yake ambaye siku zote alikuwa na 90. Wakikaa kwenye sinia moja, mmoja atanenepa na mwingine hapana, na sisi tutasema huyu ni mlafi.

Hivyo basi unene wa aina hii ni ugonjwa wa kudumu, kama tansio. Hakuna anayemeza dawa ya tansio mwezi mmoja akasema nimepona. Kila tiba nitakayoitaja hapa inafanya kazi wakati ikiendelea, na ikisimama kazi yake inasimama. Ukilielewa hilo, swali lako kwa daktari halitakuwa tena "Nitapungua kilo ngapi mwezi huu?" Utauliza, "Ni lipi ninaloweza kulishika hadi Ramadhani ijayo, na ile ya baada yake?"

Tiba ya kwanza ni chakula na mwendo, na hii ndiyo iliyo mikononi mwa kila mmoja wetu. Usidharau kidogo. Marekani walichunguza watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia katika ugonjwa wa sukari, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Fungu moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma. Kwa mtu wa kilo 100 hiyo ni kilo saba tu. Bado angeonekana mnene. Lakini walioingia katika ugonjwa wa sukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na walioachwa bila mpango huo. Waliopewa vidonge vya metformin walipungua kwa asilimia 31. Kwa hiyo mama mwenye kilo 100 aliyeshuka hadi 93 na kubaki hapo amefanya jambo kubwa, hata kama shoga zake hawaoni tofauti.

Na hapa petu tuanze wapi? Tuanze na mawese. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe mawese ama ya dukani, ni kalori kama 120. Mama anayemimina katika sombe kutoka kwenye chupa bila kupima anaweza kumimina vijiko kumi akidhani ni vitatu. Sisemi tuache mawese, yana vitamini A na ndiyo ladha yetu. Nasema yapimwe kwa kijiko. Kisha sukre: chupa ndogo ya Fanta ama ya Coca ina sukari ya vijiko vidogo vinane hivi, na haishibishi. Kisha wali. Sisi watu wa Maniema bila wali tunasema hatujala, na bugali juu yake tunaita mboga! Punguza kilima cha wali kwa robo, ongeza samaki wa Lualaba aliyechemshwa ama wa kuoka, maharagi, lenga-lenga. Samaki na maharagi vinashikilia shibe muda mrefu na vinalinda misuli, maana mtu anayepungua kwa njaa tupu anapoteza misuli pamoja na mafuta.

Shida yetu nyingine ni sinia la pamoja. Lina baraka, na sitaki mtu aseme maalimu amekataza sinia. Lakini ukila na watu sita hujui umekula kiasi gani, na mwenyeji anakusukumia nyama. Mwenye ugonjwa atengewe upande wake, ama apakuliwe sahani yake aje nayo akae palepale pamoja na wenzake. Na mwenyeji asiape kwa Mungu kwamba mgeni lazima aongeze.

Kuhusu mwendo nitasema jambo ambalo wengi hawalipendi. Kutembea saa nzima kunachoma labda kalori 250 hadi 300 kwa mtu wa kilo 80, yaani vijiko viwili na nusu vya mafuta. Kutembea peke yake hakushushi kilo nyingi. Kunashusha sukari na tansio, kunaimarisha moyo, na zaidi ya yote kunasaidia kilo zilizokwisha kushuka zisirudi. Marekani tangu 1994 wana daftari la watu waliopoteza kilo zaidi ya 13 na kukaa hivyo angalau mwaka mmoja. Walipoulizwa wanaishije, wengi wao walikuwa wanatembea ama kujishughulisha karibu saa moja kila siku, wanajipima kwenye mizani mara kwa mara, na wanakula kwa utaratibu uleule siku za kazi na siku za mapumziko. Kwetu siku hizi pikipiki zimetumaliza. Mtu anapanda pikipiki kutoka nyumbani hadi msikitini, mwendo wa dakika kumi na tano, naye anajua kwamba hatua za kwenda msikitini zina thawabu.

Kwa wenye ugonjwa wa sukari ulioanza karibuni, kuna habari njema kutoka Uingereza. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa waliokula chakula maalumu cha kalori kama 800 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, sukari yao ilirudi kawaida bila dawa kwa asilimia 46 yao baada ya mwaka mmoja. Baada ya miaka miwili ilikuwa asilimia 36, maana kwa wengine kilo zilirudi na sukari ikarudi nazo. Msiende kujaribu hivyo nyumbani. Anayemeza vidonge vya sukari akapunguza chakula namna hiyo bila daktari kupunguza dawa ataanguka njiani.

Tiba ya pili ni dawa. Iko orlistat, kidonge kinachozuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Mafuta hayo yanatoka kwa haja kubwa, na mtu akila mawese mengi juu yake atajua mwenyewe, hata udhu utamshinda. Kupungua kwake ni kilo chache. Ganda la kidonge hicho hutengenezwa kwa jelatini, basi ulizeni asili yake.

Zile zinazosemwa sana sasa ni sindano. Mwenye simu ameziona. Semaglutide inadungwa mara moja kwa juma, inaiga homoni ya shibe ya matumbo, hivyo inanyamazisha njaa kwenye ubongo na inachelewesha tumbo kujimwaga. Katika uchunguzi wa mwaka 2021 wa watu 1,961, waliodungwa kwa juma 68 walipoteza karibu asilimia 15 ya uzito, na waliopewa sindano tupu asilimia 2 na kidogo. Tirzepatide, mwaka 2022, ilifika karibu asilimia 21 kwa kipimo cha juu. Tena mwaka 2023, katika watu 17,604 wenye unene na ugonjwa wa moyo, semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Haya ni makubwa, na hayakuwako wakati wa wazazi wetu. Niliulizwa kama ndani yake kuna nguruwe. Semaglutide inatengenezwa kwa hamira na kemia. Tirzepatide ni kemia tupu.

Lakini yale niliyosema juu ya kusimama yanaonekana hapa wazi kabisa. Walioacha semaglutide, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili za kilo zilizoondoka zilikuwa zimerudi. Ni dawa ya miaka, na bei yake inawashinda hata matajiri wa nchi nyingine. Inaleta kichefuchefu, kutapika, kuhara, wakati mwingine mawe ya nyongo, na haifai kwa mwenye mimba. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, na nyinyi mnajua umeme wetu. Mwezi wa sita 2024 OMS ilitoa tahadhari juu ya Ozempic za bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa huko walidanganywa, basi yule anayewauzia sindano kutoka mfukoni mwa koti, sijui niseme nini. Mwezi wa tisa 2025 OMS iliziingiza dawa za jamii hii katika orodha ya dawa za lazima, kwa wenye ugonjwa wa sukari ulioungana na unene na ugonjwa wa moyo ama wa figo. Huenda kwa njia hiyo bei ikashuka siku moja. Leo, kwa wengi wetu hapa, hazipatikani, na anayezikosa asidhani amekosa kila kitu.

Tiba ya tatu ni kupasuliwa. Daktari anakata na kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, likabaki kama mfereji mwembamba. Ama anatengeneza kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo. Inafanywa kwa wenye kipimo cha 35 kwenda juu, na hata 30 kwa wenye sukari isiyoshikika. Waswidi walianza kuwafuatilia watu kama hao mwaka 1987, zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu hapana. Mwaka 2007 walitangaza kwamba vifo kati ya waliopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu robo. Wale waliounganishwa utumbo, baada ya miaka kumi walikuwa bado chini kwa robo ya uzito wao wa zamani. Hakuna tiba nyingine iliyofuatiliwa miaka mingi hivyo na kuonyesha hayo. Lakini ina hatari ya kisu, na mtu atameza vitamini na chuma maisha yake yote, la sivyo damu na mishipa ya fahamu vitaharibika. Kwa huku kwetu maana yake ni safari ya nchi za mbali na pesa nyingi. Wengine wanauliza kama si kubadili umbile la Mungu. Mwenye kutaka urembo tu, hilo ni swali. Mwenye kupumua kwa shida na sukari inayomla, huyo anajitibu, na kujitibu tumeamrishwa. Hata hivyo amuulize mwanachuoni wake pamoja na daktari wake.

Yaliyobaki sokoni nayapita haraka. Majani ya kuharisha yanatoa maji na choo, mafuta yanabaki palepale. Vidonge vya kukojoza vinafanya hivyohivyo na vinaweza kuharibu figo na mpigo wa moyo. Sabuni ya kupunguza tumbo ni sabuni.

Neno moja kwa Ramadhani ijayo, hasa kwa wanaotumia insulini ama vidonge vya glibenclamide: hizo zinaweza kushusha sukari mpaka mtu akazimia mchana. Nendeni kwa daktari mwezi mmoja ama miwili kabla, katika Rajab ama Shaaban, si siku ya mwezi kuandama. Mgonjwa ameruhusiwa kula kwa aya za Al-Baqara, na anayekataa ruhusa ya Mola wake hajamzidi mwenzake kwa ucha Mungu.

Mzee wetu aliyeuliza swali, tulikaa naye Jumatatu iliyopita. Tulikubaliana mambo matatu aliyoyachagua mwenyewe: chai kijiko kimoja, kuja alfajiri na isha kwa miguu, na mke wake kupima mafuta kwa kijiko kwa nyumba yote, si kwa chungu cha baba peke yake, kwani watoto nao wanaanza kunenepa. Funga za Jumatatu na Alhamisi ataziendeleza kama sunna. Na tukaandika kilo zake kwenye daftari: 96. Nimemwambia zikipanda mbili aje siku hiyohiyo, asingoje zifike kumi ndipo aone haya.

Jumapili baada ya swala ya alasiri, muuguzi wa kituo cha afya atakuja na mizani, mashine ya tansio na utepe. Wababa watapimwa barazani. Wamama watapimwa ndani ya darasa la madrasa na muuguzi mwanamke, mlango ukiwa umefungwa, na kilo za mtu hazitatajwa mbele ya mwingine. Kila mmoja alete vidonge vyote anavyomeza ndani ya mfuko, pamoja na vya sokoni. Mama niliyemtaja mwanzoni amerudi katika safu yake, na yeye ndiye atakayewapokea wamama mlangoni.

Wabillahi tawfiq.